Darubini ya 10x50 chini ya anga la Dodoma: tathmini kwa anayeanza kuujua ulimwengu

Mtu anayetaka kuelewa jinsi ulimwengu ulivyopangwa, kuanzia Mwezi na sayari hadi galaksi (makundi makubwa ya mabilioni ya nyota) zilizo nje ya galaksi yetu, hana haja ya kuanza kwa kununua darubini ndefu ya bomba. Kwa sisi wakazi wa Dodoma na mikoa ya kati, chombo cha kwanza kinachofaa kuliko vyote ni darubini ya macho mawili ya kipimo cha 10x50, ambayo huuzwa pia kwa watazamaji wa ndege na wanyama. Nimeitumia kwa misimu kadhaa ya kiangazi, ndani ya jiji na nje yake, na ninaipendekeza bila kusita, ingawa ina mapungufu ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla hajatoa fedha.

Namba hizo mbili zina maana yake. Ya kwanza ni ukuzaji, kwa maana kwamba kitu huonekana kana kwamba kimesogezwa karibu mara 10. Ya pili ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele kwa milimita, nayo ndiyo yenye uzito zaidi katika kazi ya usiku, kwa sababu kinachotakiwa hasa ni kukusanya mwanga hafifu wa vitu vilivyo mbali. Mboni ya jicho la kijana hupanuka gizani hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 50 ina eneo la takriban mara 50 ya mboni hiyo, na kwa hiyo nyota ambazo jicho tupu halizioni kabisa hujitokeza kwa maelfu. Faida nyingine ni upana wa anga linaloonekana kwa mara moja, ambao kwa kawaida ni nyuzi 6 hadi 7. Mwezi mpevu huchukua nusu ya nyuzi moja tu, na hivyo anayeanza anapata nafasi ya kutosha ya kutafuta anachokitaka bila kupotea. Darubini nyingi za bomba za bei ndogo humwonyesha mtu kijipande cha anga huku stendi yake ikitikisika, na wengi huzifungia kabatini kabla ya kuona lolote la maana.

Kabla ya kulipa, ikague mwenyewe. Katika duka moja la katikati ya mji nilionyeshwa darubini ambayo boksi lake lilidai kwamba inakuza mara 100, na kijana aliyekuwa akiuza akanihakikishia, “Hii ndiyo yenyewe, mzee wangu, mpaka Mwezini unaona.” Nilimwomba anishushie na ile ya 10x50 iliyokuwa rafu ya chini, tukaenda nazo mlangoni penye mwanga. Kipimo ni rahisi: unaishika darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, lenzi kubwa zikielekea nje, kisha unatazama vioo vidogo vya nyuma. Katika kila kioo utaona kiduara cha mwanga. Kiduara hicho kikiwa mviringo kamili na chenye mwanga sawasawa hadi pembeni, prizimu zilizomo ndani, yaani vipande vya kioo vinavyougeuza mwanga, ni nzuri. Kikiwa kimekatwa kingo na kufanana na mraba wenye vivuli vya kijivu, sehemu ya mwanga inapotea njiani. Ile iliyodai mara 100 ilikuwa na viduara vidogo mno, vilivyokatwa pande zote nne, na yule kijana aliiona tofauti kwa macho yake, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Uepuke pia lenzi zilizopakwa rangi nyekundu ya kung’aa, ambazo hupunguza mwanga badala ya kuuongeza, na zile ambazo ukuzaji wake hubadilishwa kwa kuzungusha kifundo. Mwisho, tazama kitu cha mbali, kama waya wa umeme au bango, kwa dakika moja nzima: ukiona vitu viwili badala ya kimoja, au ukihisi macho yanavutwa, irudishe rafuni, kwa kuwa pande zake mbili hazijalingana na fundi wa kuzilinganisha si rahisi kumpata.

Jambo moja lazima lisemwe kwa ukali. Darubini hii isielekezwe kwenye Jua hata kwa sekunde moja, wala isiachwe mchana mikononi mwa mtoto asiye na mtu mzima karibu. Lenzi hizo huunguza retina, na upofu huo hauna dawa.

Nuru ya Mwezi, ambao uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, hutumia sekunde 1.3 kutufikia, na ya Jua, lililo kilomita milioni 150, hutumia dakika 8 na sekunde 20. Huu ndio mtaa wetu wa karibu, na hapa darubini inafanya kazi nzuri. Wakati bora wa kuutazama Mwezi ni siku chache baada ya kuandama, kwa sababu kwenye mpaka wa giza na mwanga vivuli vya mashimo na milima hurefuka, ilhali Mwezi mpevu huumiza macho na huonekana bapa. Mshtarii ndiyo sayari inayofundisha zaidi. Mikono ikitulia, pembeni mwake huonekana vinukta hadi vinne vilivyopangwa mstari, ambavyo ni miezi ile ile ya Io, Europa, Ganymede na Callisto ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Nimewahi kuwapa watoto wa nyumbani daftari wachore kila jioni mahali palipo vinukta hivyo, na kabla ya juma kuisha walikuwa wameshagundua wenyewe kwamba vinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa kuwa Io huizunguka sayari yake kwa muda wa saa 42 hivi wakati Callisto huhitaji karibu siku 17. Mtoto aliyechora michoro hiyo ameshapata kanuni ya kwanza ya mpangilio wa ulimwengu, kwamba vidogo huzunguka vikubwa kwa nguvu ya mvutano. Anayetarajia kuona pete za Zohali, hata hivyo, atakosa: kwa ukuzaji wa mara 10 sayari hiyo huonekana tu kama imerefuka kidogo pembeni.

Ugumu wa somo hili huanza pale tunapotoka kwenye sayari kwenda kwenye nyota, kwa sababu akili haina mazoea na umbali wa namna hiyo. Tuchukue kwamba kutoka Dunia hadi Jua ni meta 1. Neptuni, sayari ya mwisho, ingekuwa meta 30 kutoka kwenye Jua, na mfumo wote wa sayari ungeenea ndani ya uwanja wa shule. Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu anayeonekana kwa macho, iko umbali wa miaka ya nuru 4.37, na mwaka mmoja wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka, ni takriban kilomita trilioni 9.46. Kwa kipimo chetu cha meta 1, mtu angeondoka Dodoma kwa barabara ya Dar es Salaam na kusafiri kilomita 276, akiwa ameshaipita Morogoro, ndipo aikute. Kwa kipimo hicho hicho galaksi yetu ingekuwa na upana wa zaidi ya kilomita milioni 6. Ninapomkabidhi mgeni darubini humpa hesabu hii kwanza, kisha namwelekeza kusini kwenye nyota hiyo iliyo jirani na Msalaba wa Kusini, naye hukaa nayo muda mrefu zaidi kuliko anavyokaa na Mwezi.

Nyota nyingi huzaliwa kwa makundi, na kundi ambalo kila Mswahili amelisikia ni Kilimia. Wazee walikifuata kwa ajili ya majira, wakasema: “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Jicho tupu huhesabu nyota sita au saba, ndani ya 10x50 hufunguka makumi ya nyota za rangi ya samawati-nyeupe, zikiwa umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, zote ndugu wa umri mmoja waliotokana na wingu moja la gesi. Wingu la aina hiyo, ambalo bado linazaa nyota, linaonekana katika kundinyota la Orioni, upande wa kusini wa zile nyota tatu za mkanda, kwa umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300. Hapa sina budi kuwatahadharisha waliozoea picha za mtandaoni zenye rangi nyekundu na zambarau. Jicho la binadamu halitambui rangi vizuri katika mwanga hafifu, na nebula ya Orioni, yaani wingu hilo la gesi, kwenye darubini hii ni ukungu wa kijivu wenye nyota chache katikati. Hilo si kosa la chombo, na wala halipunguzi thamani ya kuiona nuru yenyewe badala ya picha yake.

Sasa nifike mahali ambapo Dodoma inaizidi miji mingi mikubwa ya dunia. Jiji letu liko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu wa zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na tuna kiangazi kirefu kinachoanza Mei na kuendelea hadi Novemba. Kitovu cha galaksi yetu kiko upande wa kundinyota la Mshale. Anayeishi London hukiona kitovu hicho kikigusagusa upeo wa kusini tu, kikizongwa na ukungu na taa. Kwetu sisi, mwezi wa Agosti saa tatu usiku, kiko juu sana, kiasi cha nyuzi 67 kutoka kwenye upeo, na mtu aliyelala chali juu ya mkeka anakitazama bila kupinda shingo. Nimefanya hivyo mara nyingi upande wa Hombolo, mbali na taa za jiji, na hakuna matumizi mengine ya darubini hii ninayoyathamini zaidi.

Kinachoonekana pale kinahitaji kuelezwa kwa utaratibu. Ule mkanda mweupe unaokatiza anga, Njia Nyeupe, ni galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani. Galaksi hiyo ni sahani bapa ya nyota zisizopungua bilioni 100, yenye upana wa takriban miaka ya nuru 100,000, nasi tumo ndani ya sahani hiyo, miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kitovuni. Ukitazama nje ya sahani, juu au chini yake, unaona nyota chache. Ukitazama kwa kuufuata ubapa wake, nyota hujazana nyuma ya nyingine hadi zikawa ukungu mmoja. Darubini inauchambua ukungu huo mbele ya macho yako, na pale palipokuwa na weupe mtupu panatokea vumbi la nyota lisilohesabika. Halafu kuna mapengo meusi, ambayo anayeanza hudhani ni mahali pasipo na nyota. Ni mawingu ya vumbi yanayozuia mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, na mawingu hayo ndiyo yanayotuficha kitovu chenyewe, ambako wanajimu wamethibitisha kuwapo kwa shimo jeusi, kitu ambacho mvutano wake hauruhusu hata nuru kutoka, lenye maada ya Jua letu mara milioni 4 hivi. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Ukiisogeza darubini polepole kutoka mkia wa Nge kuelekea Mshale, utapita kwenye mafungu ya nyota na nebula zinazofuatana, na baada ya dakika chache umbo la sahani linaacha kuwa mchoro wa kitabuni, kwa sababu unajihisi umo ndani yake.

Mwezi wa Juni, saa tatu usiku, geukia kusini utafute Omega Centauri. Kwa jicho tupu ni nyota yenye ukungu; kwa darubini ni tufe kubwa la mwanga laini. Ndani yake mna takriban nyota milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Mafungu ya namna hii yanaizunguka galaksi yetu pande zote, juu na chini ya sahani, na huu ni msimu wetu mzuri wa kuliona lililo kubwa kuliko yote.

Safari ya kutoka nje ya galaksi inasubiri Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Chini kusini huonekana Wingu Dogo la Magellan, na kuelekea usiku wa manane Wingu Kubwa nalo hupanda. Ni galaksi ndogo mbili, zilizo umbali wa takriban miaka ya nuru 200,000 na 160,000, na haziko juu sana kwetu, kwa hiyo panahitajika upeo wa kusini usio na mlima wala taa. Nawasihi wasomaji wasizipite haraka, kwa kuwa kipimo cha ulimwengu kilipatikana humo. Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha unajimu cha Harvard, alichunguza picha zilizopigwa kutoka Arequipa nchini Peru na kuorodhesha nyota zinazong’aa na kufifia kwa mzunguko maalumu. Kwa kuwa nyota zote za Wingu Dogo ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, tofauti ya mng’ao wake ni tofauti ya kweli na haitokani na moja kuwa mbali kuliko nyingine. Ndipo mwaka 1912 akaonyesha kwamba nyota yenye mzunguko mrefu ndiyo yenye mng’ao mkubwa. Kuanzia hapo, ukihesabu siku za mzunguko wa nyota kama hiyo popote ilipo, unaujua mng’ao wake halisi, na ukiulinganisha na ule unaouona unapata umbali wake.

Mwaka 1923 mwanajimu Edwin Hubble, akitumia darubini ya kioo cha meta 2.5 kwenye Mount Wilson huko California, aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya galaksi ya Andromeda, na hesabu ya Leavitt ikaonyesha kwamba Andromeda iko mbali mno kuwa sehemu ya Njia Nyeupe. Leo umbali wake unajulikana kuwa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Katikati ya Novemba, saa nne usiku, iko upande wa kaskazini, takriban nusu ya njia kati ya upeo na utosi, na darubini ya 10x50 inaionyesha kama doa refu la mwanga lenye kiini angavu zaidi. Nuru hiyo iliondoka huko baada ya wale walioacha nyayo zao Laetoli, miaka milioni 3.6 iliyopita, na kabla ya zana kongwe za mawe za Bonde la Olduvai, zenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Usiku huo huo wa Novemba Kilimia kiko kaskazini-mashariki na Wingu Dogo liko kusini, na hivyo mtu anaweza kupanda ngazi zote, kutoka fungu la nyota hadi galaksi jirani hadi galaksi kubwa ya mbali, bila kuhama mkekani.

Kwenye anga jeusi kabisa, kama lile la vijiji vya Bahi au Manyoni, mtu mwenye subira ataongeza galaksi chache zaidi, kama Centaurus A iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi. Baada ya hapo darubini imefika mwisho wake. Galaksi yetu na Andromeda ni wakubwa wa kundi lenye makumi ya galaksi. Kundi hilo limo katika mkusanyiko mkubwa uliopewa jina la Laniakea mwaka 2014, wenye upana wa takriban miaka ya nuru milioni 500. Na mikusanyiko kama huo imeungana kwa nyuzi ndefu zinazozunguka maeneo makubwa yaliyo karibu matupu, hadi kufikia ulimwengu wote unaoweza kuonekana, wenye umri wa miaka bilioni 13.8. Zaidi ya hayo, maada ya kawaida, ile ya nyota, mawe na miili yetu, ni asilimia 5 tu hivi ya vyote vilivyomo. Asilimia 27 hivi ni maada ya giza, isiyotoa nuru ila hujulikana kwa mvutano wake, na iliyobaki ni nishati ya giza, jina la kile kinachoharakisha kupanuka kwa ulimwengu. Hakuna lenzi ya kuyaonyesha hayo, na anayenunua chombo hiki apange kukisindikiza na kitabu kizuri au na programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure kwa kompyuta na hufanya kazi bila bando ikishapakuliwa. Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi hakisemi lolote kuhusu anga.

Kero za kila siku za darubini hii ni tatu. Kwanza uzito: inakaribia kilo moja, na mikono huanza kutetemeka baada ya dakika chache, hali ambayo inaifuta miezi ya Mshtarii kabisa. Kuegemea ukuta au bodi ya gari husaidia, na bora zaidi ni kuifunga kwenye stendi ya kamera kwa kiungo ambacho huuzwa peke yake. Pili ni upepo na vumbi la Dodoma. Vifuniko vya lenzi ni vyepesi na hupotea, na vumbi lenye mchanga likisuguliwa kwa kanga au shati huchora kioo. Lipulizwe kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha lifutwe taratibu kwa kitambaa cha miwani. Tatu ni mwanga wa jiji lenyewe, ambalo linakua kwa kasi. Barabara mpya zina taa zinazorusha mwanga juu, na katika mitaa ya ndani Njia Nyeupe inazidi kufifia mwaka hadi mwaka. Hili linaniumiza, kwa sababu taa zilizofunikwa upande wa juu zingewaangazia wapita njia vizuri zaidi na kutuachia anga letu.

Mwenye miwani atafute ile ambayo mipira yake ya jichoni inakunjika, na kila anayeishika arekebishe kwanza jicho la kushoto kwa gurudumu la kati, kisha la kulia kwa kile kipete chake. Bei ya iliyo nzuri ni chini ya simu janja nyingi, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Baada ya mwaka mmoja au miwili mtu atakayetamani pete za Zohali anaweza kuongeza darubini ya kioo ya milimita 130 hivi, lakini hii ya 10x50 asiiuze, kwa maana ataihitaji kila usiku ili kupata mahali pa kuielekeza ile kubwa.